Kwa nini Durban ina joto na Port Nolloth ni jangwa, ilhali ziko mstari mmoja?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya kusoma Durban, Afrika Kusini, na natakiwa kuripoti Februari. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwenye ramani naona Durban iko karibu nyuzi 30 kusini mwa ikweta, nikajua huko ni baridi tu. Mjomba anasema kuna miwa, kuna ndizi, na watu wanaogelea baharini hata Julai. Lakini upande wa pili wa nchi ileile, mstari uleule, ramani inaonyesha jangwa. Inakuwaje? Misimu yao ikoje, nibebe koti? Na yale mafuriko ya 2022 yalisababishwa na nini?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nafasi. Mjomba yuko sahihi, na ramani yako nayo iko sahihi. Tatizo ni kwamba mstari wa latitudo unakueleza jambo moja tu: jua litasimama juu kiasi gani angani. Haukuelezi maji ya bahari yametoka wapi, wala nyuma ya mji kuna tambarare au kuna mlima. Pwani ya KwaZulu-Natal, jimbo lenye mji wa Durban, ukiielewa kwa mambo hayo mawili, bahari ya moto mbele na ukuta wa milima nyuma, mengine yote uliyouliza yanajijibu, mafuriko yakiwemo.

Tuanze na kulinganisha. Durban iko karibu na nyuzi 30 kusini, Bahari ya Hindi. Port Nolloth, mji mdogo wa pwani ya Atlantiki karibu na mpaka wa Namibia, uko nyuzi 29 na kidogo. Durban hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mtu wa Tanga hatakishangaa. Port Nolloth haifikishi hata 100. Maji ya bahari Durban huwa na nyuzi 24 au 25 za Selsiasi wakati wa kiangazi, yaani msimu wao wa joto, na mwezi wa baridi kali kabisa yanashuka hadi 20 au 21. Port Nolloth mara nyingi hayafiki 15, hata jua likiwaka. Ukimtumbukiza mtu wa Tanga pale, atatoka kabla hujahesabu kumi.

Sasa maji ya Durban yametoka wapi? Hapa utafurahi, kwa sababu yametoka njia moja na ya kwenu. Kuna mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki kwenda magharibi, unasukumwa na pepo za kusini-mashariki, upepo uleule ambao kwenu ukifika mnauita kusi. Mkondo huo unapita kaskazini mwa Madagaska na kuigonga Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo unagawanyika. Sehemu moja inapinda kaskazini, inapita Mafia, Unguja, Pemba na kufika Tanga. Sehemu nyingine inashuka kusini kupitia mlango wa bahari wa Msumbiji. Huko haiendi kama mto ulionyooka, inakwenda kwa visulisuli vikubwa vya maji vinavyojizungusha huku vikisogea. Kusini zaidi inakutana na maji mengine yaliyozunguka Madagaska kwa upande wa mashariki, na kutokana na hayo yote unazaliwa mkondo wa Agulhas, mmoja wa mikondo yenye nguvu kuliko yote duniani.

Mkondo huo haupiti mbali. Kwa kawaida sakafu ya bahari karibu na bara huwa ya kina kifupi kwa umbali fulani, kisha huporomoka ghafla kwenye vilindi. Pwani ya KwaZulu-Natal sehemu hiyo ya kina kifupi ni nyembamba sana, isipokuwa kati ya Richards Bay na Durban ambako inapanuka kidogo, na Agulhas hupenda kuufuata ukingo wa mporomoko huo. Kwa hiyo maji ya moto yanapita mlangoni kabisa. Kasi yake inaweza kufika mita 2 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Mtu anayetembea kwa haraka angeachwa.

Wanamaji wanauheshimu mkondo huo kwa sababu nyingine. Upepo mkali wa kusini-magharibi ukivuma dhidi ya mkondo unaoshuka kusini-magharibi, mawimbi yanafupishwa na kuinuliwa yakawa kuta. Kusini ya Durban, kwenye pwani inayoitwa Wild Coast, ndiko ilikozama meli ya abiria Oceanos Agosti 1991, na watu wote waliokuwamo wakaokolewa, zaidi ya 200 kati yao kwa helikopta. Meli ya Waratah haikuwa na bahati hiyo. Iliondoka Durban Julai 1909 kuelekea Cape Town ikiwa na watu zaidi ya 200, na mpaka leo haijapatikana.

Upande wa Atlantiki kila kitu kinageuka. Huko upepo wa kusini unavuma sambamba na pwani, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia, maji ya juu yanasukumwa kushoto kwa mwelekeo wa upepo, yaani kuelekea bahari kuu. Nafasi yanayoiacha inajazwa na maji ya baridi yanayopanda kutoka chini. Huo ndio ukanda wa mkondo wa Benguela. Maji yale yana virutubisho vingi, ndiyo maana samaki ni wengi ajabu, lakini kwa mvua ni balaa. Hewa inayogusa bahari inapoa na kuwa nzito, wakati hewa ya juu yake, inayoshuka kutoka angani, ni ya joto na kavu. Hewa nzito ikikaa chini ya hewa nyepesi, hakuna kinachopanda, na pasipo hewa kupanda hakuna mawingu ya mvua. Kinachopatikana ni ukungu. Asubuhi Port Nolloth unaweza kuona mji wote umefunikwa kwa ukungu mzito, na ardhi isipate tone la maana.

Durban hewa inafanya kinyume chake. Juu ya Bahari ya Hindi ya kusini kuna eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa ambalo halihami sana, linasogea tu kidogo kusini wakati wa kiangazi na kaskazini wakati wa baridi. Katika nusu ya kusini ya dunia, hewa huzunguka eneo la aina hiyo kinyume cha saa. Upande wake wa kaskazini ndio unaowaletea nyinyi kusi. Upande wake wa magharibi unailetea KwaZulu-Natal hewa ya kutoka kaskazini-mashariki na mashariki, iliyotembea juu ya maji ya moto na kubeba mvuke kwa wingi.

Mvuke huo ungeweza kupita tu kama nchi ingekuwa bapa. Lakini nchi haiko bapa. Kutoka ufukweni ardhi inaanza kupanda karibu mara moja. Pietermaritzburg, kilomita 80 hivi kutoka Durban kwa barabara, uko mita 600 na zaidi juu ya bahari. Kama unafuatilia riadha, mbio za Comrades zinazokimbiwa tangu 1921 ni kati ya miji hiyo miwili, na watu wanazitofautisha kabisa mbio za mwaka wa kupanda na za mwaka wa kushuka. Endelea bara kiasi cha kilomita 200 kutoka baharini na unakutana na Drakensberg, ambayo Wazulu wanaiita uKhahlamba. Ni ukuta wa mawe meusi ya volkano ya kale wenye vilele vinavyopita mita 3,000. Nyuma yake kidogo, ndani ya Lesotho, kuna Thabana Ntlenyana wenye mita 3,482. Kusini mwa Kilimanjaro na Meru hakuna mlima mrefu kuliko huo Afrika nzima.

Hewa yenye mvuke ikisukumwa kwenye mwinuko huo inapanda, inapoa, inatengeneza mawingu. Mito nayo inakuwa mifupi na yenye hasira: uThukela, Mgeni, uMkhomazi, uMzimkhulu. Maji yanashuka kutoka juu sana kwa umbali mdogo, tofauti na Pangani yenu inayojikokota muda mrefu kabla ya kuiona bahari. Wakati wa mvua mito ile inatoka midomoni rangi ya matofali. Mwezi wa Julai mingi midogo inafungwa kabisa na matuta ya mchanga yanayoletwa na mawimbi, na kuwa mabwawa yaliyotulia mpaka mvua ya kwanza ije kuyabomoa.

Kuhusu misimu, sahau masika na vuli. Kwenu ukanda wa mvua unalifuata jua, na jua linapita juu ya vichwa vyenu mara mbili kwa mwaka, ndiyo maana mna misimu miwili. Durban iko kusini ya Tropiki ya Kaprikoni, jua halifiki utosini hata siku moja. Basi kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Oktoba hivi hadi Machi, na msimu mmoja mkavu unaokolea Juni na Julai. Mvua nyingi ya kiangazi inakuja na radi. Mawingu yanajijenga Drakensberg mchana, yanateremka, na jioni yanaweza kufika pwani. Huko juu mvua ya mawe ni kitu cha kawaida, waulize wenye magari.

Utafika Februari, na kusema kweli hutahisi umeondoka Tanga. Mchana ni nyuzi 28 hivi, usiku 21, unyevunyevu mwingi, shati linaganda mgongoni. Kitakachokushangaza ni mchana wenyewe. Desemba jua linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama karibu saa 1 usiku. Juni linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama saa 11 jioni na dakika chache. Mtu aliyezoea jua linalotoka na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima huchanganyikiwa kidogo, na kama unaswali, utalazimika kuangalia ratiba badala ya kutegemea mazoea. Saa yao pia iko nyuma ya yenu kwa saa moja.

Koti zito la manyoya usibebe. Julai mchana Durban ni nyuzi 22 au 23, anga safi, na kwa maoni yangu ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Usiku unashuka hadi 11 hivi, wakati mwingine chini zaidi. Kinachowatesa wageni si baridi ya nje, ni nyumba: nyingi hazina chochote cha kupasha joto, zimejengwa kwa kufikiria kiangazi. Sweta mbili na blanketi nzuri vinatosha. Lakini ukialikwa Pietermaritzburg, ujue kule kwenye mabonde jalidi, yaani umande ulioganda, huanguka, na Drakensberg ni theluji kabisa. Septemba 2024, wakati watu walishaanza kuaga baridi, theluji ilifunga barabara kuu ya N3 kwenye njia ya Van Reenen kati ya Durban na Johannesburg, na madereva wengi wakalala humo kwenye magari yao.

Kuna siku moja ya baridi itakayokudanganya. Utaamka Julai au Agosti ukute joto la ajabu, upepo mkavu unatoka bara, midomo inapasuka, kipimajoto kinapanda mpaka nyuzi 30 na kupita. Huo ni upepo wa mlimani. Hewa ya nyanda za juu inashuka kutoka ukingo wa milima, na hewa inaposhuka inabanwa, ikibanwa inapata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 za kushuka. Wakati huo moto wa nyika na wa mashamba ya miwa huwa hatari. Halafu, bila kukuaga, upepo unageuka. Kusini-magharibi inaingia kwa kishindo na joto linaweza kuporomoka kwa nyuzi 10 au zaidi ndani ya saa chache tu. Wenyeji wakiona hewa imetulia ghafla katikati ya siku ya joto la namna hiyo, wanaanua nguo.

Baharini, usitafute ufuko kama wenu. Hakuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi nje, hakuna wangwa wa kutembea nusu saa maji yakipwa. Bamvua kwao ni tofauti ya mita 2 hivi kati ya maji kujaa na kupwa, ambapo kwenu inakaribia mara mbili yake. Mawimbi yanakuja kamili kutoka bahari kuu na kuvunjika miguuni pako, ndiyo maana ni mji wa watelezaji wa mawimbi. Ogelea pale tu penye bendera za waokoaji, kwa sababu maji yanayorudi kutoka ufukweni yana nguvu. Papa pia wapo. Baada ya mashambulizi mengi ya miaka ya 1940 na 1950, pwani iliwekewa nyavu, na mpaka leo kuna taasisi maalumu inayozisimamia. Papa wa zambezi hupenda maji machafu ya midomo ya mito, basi mvua kubwa ikinyesha, kaa nchi kavu siku kadhaa. Ni vizuri pia kuangalia matangazo ya manispaa. Tangu mafuriko ya 2022 kuharibu mifumo ya majitaka, fukwe zimekuwa zikifungwa mara kwa mara kwa sababu ya maji kuchafuka.

Mwezi wa Juni na Julai jaribu kuwahi kuona sadini. Samaki hao wanaishi maji ya baridi ya kusini. Wakati wa baridi, utepe mwembamba wa maji yaliyopoa unajipenyeza kati ya pwani na Agulhas, nao wanaufuata kwenda kaskazini kwa makundi makubwa, papa, pomboo na ndege wakiwa nyuma yao. Kuna mwaka wanafika ufukweni na watu wanaingia majini na ndoo, hata sketi, na kuna mwaka wanapita mbali wasionekane. Nyavu za papa hutolewa kipindi hicho.

Kaskazini, kuelekea mpaka wa Msumbiji, utajisikia nyumbani zaidi. Hifadhi ya iSimangaliso, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999, ina maziwa, viboko, mamba, mikoko na, Sodwana Bay, matumbawe yaliyo miongoni mwa ya kusini kabisa Afrika. Hapo hapo Sodwana, mwaka 2000, wapiga mbizi walimwona silikanti akiogelea hai kwenye korongo la chini ya bahari. Ni samaki yuleyule wa kale mnayemhifadhi Tanga. Mjini Durban kwenyewe, mikoko ya Beachwood iko mdomoni mwa mto Mgeni. Minazi ya kuzaa kama ya kwenu usiitegemee, ila miwa ipo vilimani pande zote. Miwa hiyo ndiyo iliyowaleta Wahindi wa kwanza wa mikataba ya kazi mwaka 1860. Na ukifika Chatsworth, kitongoji cha Durban, uliza habari za jamii inayoitwa Wazanzibari: ni uzao wa watu, wengi wao Wamakua, waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na kuletwa Durban kutoka Zanzibar kuanzia 1873. Kwanza walikaa upande wa Bluff, kisha serikali ya ubaguzi ikawahamisha.

Sasa mafuriko. Watu wengi walidhani Aprili 2022 kilipita kimbunga. Vimbunga vinavyofika Durban ni nadra, kwa kawaida vinaishia Madagaska na Msumbiji. Domoina ya Januari 1984 iliingia Msumbiji na kuizamisha KwaZulu kaskazini, lakini huo ni mfano wa nadra. Adui mkubwa wa Durban anatoka kusini-magharibi. Juu angani, kilomita kadhaa, kuna mkondo wa upepo wa magharibi unaozunguka dunia nzima. Wakati mwingine donge la hewa baridi linakatika kutoka mkondo huo na kubaki peke yake kaskazini yake, halina wa kulisukuma. Linakwama siku mbili, tatu. Chini yake mgandamizo wa hewa unashuka, upepo unaivuta hewa ya mvuke kutoka bahari ya moto na kuipandisha kwenye vilima, saa baada ya saa, mahali palepale.

Tarehe 11 na 12 Aprili 2022 vituo kadhaa vya Durban vilipima zaidi ya milimita 300 ndani ya saa 24. Hiyo ni karibu theluthi ya mvua ya mwaka mzima. Watu zaidi ya 400 walikufa, makontena yalielea barabarani, bandari ikasimama. Jambo la namna hiyohiyo lilitokea Septemba 1987, nalo liliua mamia, na tena Aprili 2019. Angalia miezi: Aprili na Septemba, mwanzo na mwisho wa baridi, wakati hewa baridi ya kusini inaanza au bado inaendelea kufika kaskazini. Kwa hiyo usijione salama kwa sababu kalenda inasema msimu wa mvua umekwisha. Wanasayansi waliochunguza mvua ya 2022 walikadiria kwamba uwezekano wa tukio la namna ile umeongezeka takriban maradufu kutokana na dunia kupata joto, jambo linaloeleweka: hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke zaidi.

Lakini mvua peke yake haikuua watu wote wale. Durban ni mji wa vilima na mabonde, na waliokosa uwezo wa kupata kiwanja kizuri walijenga kwenye miteremko na kingo za mito. Udongo ulioloa uliporomoka na nyumba zao.

Idara ya hali ya hewa ya Afrika Kusini hutoa tahadhari kwa rangi tatu, manjano, chungwa na nyekundu, zenye namba kuanzia 1 hadi 10. Ya manjano utaizoea. Ikifika chungwa, usitoke kuvuka kijito chochote, hata kama jana ulikiruka. Na unapotafuta chumba, usitazame kodi tu. Waulize majirani, si mwenye nyumba, maji yalifika wapi usiku ule wa Aprili 2022.